Fungu la Tano la Shamba la Mama

Kaa kidogo nikusimulie, wewe ambaye pengine una shamba la urithi na mnafikiria kulikata viwanja. Nitakwenda polepole, maana kosa lenyewe ni jepesi, na watu wema hulifanya.

Mama alipofariki alituacha watatu: dada yetu mkubwa, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Shamba liko Kerege, linateremka kutoka barabarani. Mirathi yetu ya Kiislamu unaijua: mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Kwa hiyo tulihitaji mafungu matano yaliyo sawa. Tulipima kwa kamba, wakati wa kiangazi, vumbi likitupanda magotini. Yakatoka manne, ukabaki ukanda wa matete kutoka juu hadi chini, ambao mama hakuwahi kuutia jembe.

"Hili ndilo la tano," nikasema.

Dada alikuwa ameshika ncha ya kamba. "Mdogo wangu, hapo masika hupita maji."

"Maji nayo ni mrithi, dada? Tuyatengee fungu?"

Mdogo wetu alicheka mpaka akakaa chini. Dada naye akacheka. "Haya, mwalimu, umeshinda. Mimi nipeni lenye nyumba ya mama. Sihami."

Ule ukanda uliniangukia mimi, nikauuza. Mnunuzi alijaza kifusi, akajenga ukuta mpakani. Simlaumu. Nilimwambia kiwanja ni kikavu, na siku ile kilikuwa kikavu kweli.

Nikueleze maji yanavyofanya. Penye majani na mihogo, ardhi huinywa mvua. Ukiweka mabati na sakafu ya saruji, mvua haina pa kuzama. Hukimbia, tena nyingi kuliko zamani. Ikikuta ukuta haisimami, huufuata mpaka unapoishia. Ukuta ule uliishia nyuma ya nyumba ya dada.

Masika ya kwanza maji yaliingia jikoni, tukapanga viroba vya mchanga. Masika ya pili ukuta wa udongo wa chumba tulichozaliwa sote watatu ulilowa, ukaporomoka asubuhi, dada akiwa uani anautazama. Nilipofika alikuwa ameanika magodoro juu ya ukuta ule wa mnunuzi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

Nikaanza kumweleza habari ya kuchimba mtaro, upana wake, mwelekeo wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyonisikiliza siku zote.

"Uchimbe wapi, baba?" akasema. "Kila futi ina mwenyewe."

Nikatazama huku na huku. Kweli, hapakuwa na pa kuchimba.

Sasa anaishi Bagamoyo mjini, katika chumba kimoja kwa binti yake. Nikimtembelea hanitajii shamba. Hunipakulia chakula, akaniuliza habari za wanangu. Angenigombeza ningepumua.

Wewe bado una nafasi, na kazi yenyewe si ngumu. Kabla ya kupima, subiri mvua kubwa. Vaa mabuti, anzia juu ya shamba, yafuate maji hadi yanapotoka shambani, na uchomeke kijiti kila yanapopita. Ukanda huo uutoe kwanza, ndipo uhesabu mafungu ya watu.