Kadi Namba Arobaini na Saba

Watu wa Kibimba walimwita Ansbert Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Alikuwa katekista, mfundishaji wa dini katika kigango cha Wakatoliki, mtu wa miaka arobaini na mitatu anayeaminika, na ndiyo sababu mzee Bigirimana alipotafuta mtu wa kumtunzia kopo lake alielekezwa kwake.

Huo ulikuwa mwaka 1997. Bigirimana alikuwa na miezi minane katika kambi ya wakimbizi iliyokuwa jirani. Kwao Burundi alikuwa mpishi wa mhandisi Mbelgiji, na Mbelgiji huyo alipoondoka alimwachia kopo la biskuti lililojaa kadi za wachezaji wa mpira, zile zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za chokoleti huko Ulaya zamani. Zilikuwa mia moja na ishirini, kila moja na namba yake nyuma. Alivuka mpaka na kopo hilo, mkewe, na binti yao wa mwisho, Iradukunda, wa miaka tisa. Binti alifariki kwa kuhara damu wiki ya pili baada ya kufika.

"Kwenye hema vitu vinapotea," Bigirimana alimwambia Ansbert walipokutana kwenye gulio la kambi. "Na mimi siwezi kutoka hapa bila kibali. Bosi wangu alisema kadi hizi zina thamani. Nataka kuziuza, ila sijui niziuzeje. Niulizie, Mwalimu."

"Nitauliza, mzee. Usiwe na wasiwasi."

Akaenda na kopo nyumbani kwake, na akauliza kweli. Kazimili, Msukuma wa Nyantakara aliyekuwa akiuza chumvi na betri gulioni, alisema apewe aziuze moja moja. Vijana na madereva wa malori wangezinunua kama pipi. Kisha Ansbert akachukua kadi tatu za mfano akampelekea Mholanzi mmoja wa mradi wa maji, aliyekuwa akiongea Kiswahili cha kueleweka. Mholanzi alizitazama akasema ana kaka yake anayekusanya vitu hivyo, atamwandikia.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. "Kaka anasema msizitenganishe," Mholanzi alimweleza. "Zikiwa zote mia moja na ishirini, atanunua kwa bei nzuri sana. Ikipungua moja, ni nusu. Na namba arobaini na saba, golikipa mwenye kofia, ni adimu. Hiyo hata peke yake ni fedha."

Ansbert alirudi nyumbani akisukuma baiskeli. Njia ilipita kando ya kilima chake, ambako zamani alikuwa na mikaratusi aliyoipanda mwaka aliooa. Wakimbizi wa kwanza walipoingia mwaka 1994 waliimaliza yote kwa wiki tatu, wakapikia. Hakuna aliyemlipa. Alipofika alifungua kopo, akamtafuta golikipa mwenye kofia, akamkuta. Akaichomeka kadi katikati ya kitabu chake cha sala. Moyoni alijiambia si wizi, ni fidia.

Jumamosi iliyofuata alimwambia Bigirimana, "Shikamoo mzee. Nimeuliza kote. Naona umpe Kazimili auze moja moja. Hao Wazungu wanapoteza muda."

"Marahaba. Kama wewe umeona hivyo, basi," alijibu Bigirimana. Hakuuliza swali hata moja, na hilo lilimchoma Ansbert kuliko ambavyo maswali yangemchoma.

Lakini kabla Kazimili hajapewa kadi, Mholanzi alikuja kambini kukagua matangi, akamuulizia mwenye kopo, akamweleza mwenyewe habari ya kaka yake. Bigirimana alidhani Ansbert hakumwelewa Mzungu vizuri. Akamwita kwa furaha alete kopo. Wakapanga kadi juu ya mkeka kwa kufuata namba, Ansbert akiwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Baada ya arobaini na sita ikaja arobaini na nane.

"Pole," alisema Mholanzi. "Basi itakuwa nusu. Nitarudi Ijumaa, ufikirie."

Alipoondoka, Bigirimana aliitazama nafasi ile kwenye mkeka. Ansbert alingoja aulizwe. Badala yake mzee alianza kutabasamu, machozi yakimtoka.

"Ni Iradukunda," alisema. "Huyo golikipa alikuwa wake. Alikuwa akimwita mjomba. Tulimzika na gauni lake lenye mfuko, Mwalimu, na hatukuangalia mfukoni. Amekwenda naye. Basi hayuko peke yake." Akazikusanya kadi. "Nusu inatosha. Nitampa Mholanzi."

Siku nne Ansbert hakula vizuri. Mkewe, Magdalena, alipomuuliza, alimwonyesha kadi na kumweleza yote. Magdalena aliketi kwenye kigoda, akasema, "Kwa hiyo ukimwambia, unamnyang'anya mtoto mara ya pili. Na usipomwambia, umemwibia."

"Nifanye nini?"

"Mimi sikuichukua," alijibu mkewe, akainuka kwenda kuangalia maharage.

Alhamisi asubuhi alikwenda kambini. Alimkuta Bigirimana akikanda udongo wa kuziba tofali za jiko. Hakusalimia. Alitoa kadi akaiweka juu ya tofali.

"Niliichukua mimi, mzee. Na ule ushauri wa kuuza moja moja ulikuwa wa kuficha."

Bigirimana alinawa mikono taratibu. "Kwa nini?"

"Miti yangu ilikatwa. Nilijiambia ni malipo."

"Mimi nilikuwa bado kwetu miti yako ilipokatwa." Aliinua kadi, akaifuta kwa shati lake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Ungeninyamazia, Mwalimu."

Mke wa Bigirimana alitoka hemani akamkaribisha Ansbert uji. Naye akasema ana haraka, akaondoka bila kuomba msamaha.

Ijumaa kadi zote mia moja na ishirini zilikwenda na Mholanzi, kwa bei kamili. Bigirimana alimnunulia mkewe cherehani, na mama huyo akawa anashona sare na magauni karibu na lango la gulio.

Ansbert alimwomba padri atafute katekista mwingine wa kigango. Waumini walishangaa, wengine wakadhani ni mgonjwa, naye hakuwasahihisha. Bado walimwita Mwalimu, na kila alipoitwa alitazama chini. Alipokutana na Bigirimana gulioni alimwamkia, na mzee aliitikia marahaba, akauliza habari za Magdalena, akaendelea na safari yake. Hakumtangaza kwa mtu yeyote. Siku za gulio Ansbert alikuwa akizunguka kupitia upande wa visima, njia ndefu yenye matope, ili asipite mbele ya cherehani ile.