Maua Yaliyokunywa Kupita Kiasi

Jumatatu iliyopita nilipigiwa simu kutoka kijijini Ganako kwamba mzee mtunza bustani niliyefanya naye kazi zamani hotelini amefariki, akiwa usingizini, wiki moja baada ya kumaliza kuvuna mahindi. "Amevuna kwanza," binti yake aliniambia, tukajikuta tunacheka huku tunalia. Ndivyo alivyokuwa: kazi haiachwi nusu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mgeni akiuliza kreta iko wapi, tulimwonyesha kwa kidole na kumwomba aamini. Akaja meneja mpya kutoka Dar es Salaam, mtu nadhifu na mpenda maua. Akaujaza ukumbi maua yaliyopandwa kwenye makopo ya mafuta ya kupikia yaliyopakwa rangi, maana enzi zile vyungu vya dukani havikuonekana, akaagiza yamwagiliwe asubuhi na jioni. Mzee alimweleza taratibu kwamba huku juu udongo haukauki upesi, mara moja kwa wiki inatosha. Meneja akajibu kwamba hakuomba ushauri. Kazi ya kumwagilia nikapewa mimi, nami niliifanya kwa moyo wote. Majani yalipogeuka njano nilidhani ni kiu, nikaongeza maji. Wiki ya tatu, asubuhi moja, ua moja kubwa la majani mapana likalala chini mbele ya wageni waliokuwa wakijiandikisha. Meneja akamwita mzee, akamwambia maua yasipopona kufikia mwisho wa mwezi, arudi kwao akalime. Mzee hakunitaja. Mimi nikajifanya napanga funguo.

Mchana nilimfuata nyuma ya jiko kumwomba radhi. Alikuwa ameshayatoa maua kwenye makopo. Akachukua bonge la udongo, akaniletea puani.

"Nusa."

Lilinuka kama yai viza.

"Mizizi nayo inapumua, binti yangu. Hii umeizamisha."

Hakusema kwa ukali. Tukaikata kwa wembe mizizi iliyooza, tukaiacha ile nyeupe iliyo ngumu, tukayaweka maua juu ya magunia kando ya ukuta wa jiko wenye joto. Makopo akayatoboa chini kwa msumari, maana hakuna aliyekuwa amekumbuka matundu, kisha tukapanda upya kwenye udongo uliochanganywa na mchanga na mkaa uliopondwa. Nikauliza tunafanya nini baada ya hapo. Akasema tunatia mikono mfukoni. Siku kumi nzima niliyapita maua yale mikono ikiniwasha.

Lakini jioni ya siku ile ile ua lilipolala, nilikwenda ofisini kwa meneja, nikamwambia aliyezidisha maji ni mimi, na kwamba mzee alikuwa ametuonya. Akaniambia nirudi kazini. Kesho yake akaenda mwenyewe nyuma ya jiko, akauliza atajuaje siku ya kumwagilia. Mzee akamwambia azamishe kidole kwenye udongo. Akazamisha, akiwa na shati lake lililopigwa pasi. Maua matano kati ya manane yalipona. Lile kubwa lilikufa, na mzee alibaki kazini hadi alipostaafu.

Tangu hapo nimefanya kazi katika ofisi nyingi, na nimeona mambo mengi yakiharibiwa na watu wenye bidii, waliotumwa na wakubwa wasiouliza. Anayejua kazi asikilizwe, hata akiwa ameshika jembe. Na ukimwona mwenzako anabeba kosa lako, sema hapo hapo. Mimi nilisubiri tangu asubuhi hadi jioni, na hadi leo sijaona siku iliyokuwa ndefu kama ile.