Kalunguyeye wa Rundo la Makuti

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza wekeni chini hivyo mlivyoshika mikononi, kisha msome polepole. Mimi skuli nilikwenda kidogo nikatolewa, na yaliyobaki niliyapata chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Basi msitafute maneno makubwa humu. Nakuelezeni mambo ya bustani yangu ya Kidichi kama nilivyoyaona kwa macho yangu.

Tulihamia Kidichi baada ya Mapinduzi, mume wangu alipopewa eka tatu. Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, nimekulia ghorofani, na bustani niliyoijua ilikuwa makopo ya mrehani dirishani. Kule shamba nilijiona kama mtu aliyelala kwao akaamkia ndani ya ndoto ya mwenziwe. Asubuhi ukungu ulikaa chini ya mikarafuu mpaka jua lipande. Mlangilangi ulinukia hata kichwa kikawa chepesi. Kimya kilikuwa kingi, ukisikia jani la mgomba likichanika lenyewe.

Mume wangu alikuwa seremala. Akipanda basi la mjini alfajiri, nabaki mimi na mama yake. Mkwe wangu alikuwa mjane, mwembamba, kifua chake kibovu, na nyumba ile ilikuwa chini ya kauli yake. Chumvi ya mchuzi aionje yeye, kuku wafungiwe anapotaka yeye. Mimi kazi yangu ilikuwa kuitika naam.

Nilipanda mchicha. Konokono na viwavi wakaula, nikapanda tena, wakaula tena. Siku moja Magharibi tumeshasali, tumekaa mkekani uani, tukasikia kitu kinakoroma kwenye matuta.

"Nani huyo?" mkwe wangu akauliza kwa sauti ya kumfukuza mtu.

Nikachukua kandili nikaenda. Alikuwa kalunguyeye, ukubwa wake kama nazi iliyofuliwa, miba mgongo mzima, pua mbichi inacheza. Mdomoni ana konokono, anamtafuna kwa kelele kama mtu asiyefunzwa adabu ya kula. Hakuniogopa. Wazee wa pale waliniambia baadaye kuwa wanyama hao kisiwani kwetu ni wa kubahatisha, unaweza kumaliza umri usimwone hata mmoja.

"Mama, ni kalunguyeye, anakula konokono."

"Mwache ale. Huyo anaijua kazi ya bustani kuliko wewe."

Toka jioni ile nikawa namwekea maji kwenye kigae cha mtungi, na mchana nikipasua kichuguu namkusanyia mchwa. Mchicha ukasimama. Mkwe wangu naye akawa hakosi. Tulikaa mkekani bega kwa bega, mimi na yeye ambao mchana hatuna la kuzungumza, tukimtazama akipita na kivuli chake, harufu ya mlangilangi inashuka, taa nimeipunguza. Kuna siku sikujua kama nimelala au niko macho. Namsikia mkwe wangu anacheka peke yake, kicheko kidogo cha kitoto, kisha anakohoa.

Mvua za masika zilikuwa zinakaribia na paa la chumba chake lilikuwa limeoza. Mume wangu akanunua makuti ya viungo, yaliyoshonwa tayari kwa kuezekea, yakapangwa rundo uani, akapatana na waezekaji waje Jumapili. Mimi katikati ya wiki nikaenda kulipunguza rundo, niyatenge yaliyopasuka. Nikainua kuti moja tu la pembeni, nikaona. Chini kabisa, ndani ya majani makavu, kalunguyeye wetu amelala ubavu, na kwenye tumbo lake vitoto vya rangi ya waridi, miba yao myeupe laini kama nywele za mkongwe. Nikalirudisha kuti polepole. Nilikuwa nimesikia kwamba mama wa namna hiyo akisumbuliwa, huwala wanawe mwenyewe.

Nikamwambia mume wangu. Akavua kofia akajikuna.

"Mke wangu, mama analala chini ya paa unaloonea nyota. Kifua kile kikiingia maji tutamzika. Sasa unanambia nini?"

"Nakwambia kuna watoto mle."

"Na mle ndani kuna mama yangu."

Alisema kweli. Mkwe wangu tulimwomba ahamie chumbani kwetu, akasema hawezi kulala kwenye kitanda cha watu wengine. Hapo ndipo palipokazana: tukiliacha rundo, bibi mkwe anatota, tukiliondoa, vitoto vinakufa.

Ikafika Alkhamisi. Nyumba zetu, jioni ya kuamkia Ijumaa, lazima zifukizwe. Mkwe wangu alitia ubani kwenye chetezo, akapita vyumba vyote, kisha akatoka uani kama desturi yake, akazunguka banda la kuku, akazunguka kisima. Na rundo la makuti akalizunguka, tena akasimama hapo kwa muda akilisomea, kwa sababu habari ya vitoto tulishampa, alitaka waliomo ndani wapate baraka. Moshi ukaingia kwenye makuti ukakaa humo humo. Nami niko jikoni nakuna nazi, sina habari. Nilipotoka nikamwona mama kalunguyeye anakimbia kwa miguu yake mifupi, anaingia kwenye migomba, haangalii nyuma.

Mkwe wangu ameshika chetezo, moshi unampanda usoni.

"Nimemfanyaje?" akasema. "Mimi nilikuwa namwombea!"

Ijumaa kutwa vitoto vililia, sauti nyembamba kama ya vifaranga vilivyo mbali. Magharibi mama yao alikuja mpaka karibu, akanusa, pua juu, akageuka. Makuti yalikuwa yananuka ubani hata mimi nikiusikia nikiwa mlangoni. Mkwe wangu hakula. Aliketi mkekani mikono mapajani, amejifunika kanga mbili, akawa anasema na yule mnyama kwa sauti ya chini, "Njoo, mama. Njoo, wanao hao."

Jumamosi jua linazama jirani yangu alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Alipofika chini ya mlangilangi, mahali mkwe wangu alipomwaga majivu ya chetezo, akapiga ukelele.

"Shoga! Njoo uone! Kapewa sumu huyu, au ana kichaa! Leteni mpini!"

Tukakimbia. Kalunguyeye alikuwa kwenye majivu, anatafuna punje ya ubani isiyoungua, mdomo umejaa povu jeupe. Kisha akapinda shingo mpaka ulimi ukafika mgongoni, akawa anajipaka povu lile juu ya miba, upande huu, halafu upande huu, karibu aanguke.

"Mpigeni kabla hajatuuma!" jirani anasema huku kapanda juu ya kinu.

Mkwe wangu akamshika mkono. "We shuka hapo. Huna macho? Huoni kuwa anajisinga?"

"Anafanyaje?"

"Anajisinga kama bi harusi anavyosingwa na somo anayemfunda. Amepata cha kunukia, anajipaka. Ulipoolewa wewe tulikuletea mpini?"

Jirani akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, nilikuwa namfuata kwa macho. Alipokwisha kujipaka alisimama kidogo, kama mtu anayekumbuka alikokuwa anakwenda, kisha akalielekea rundo. Akanusa. Safari hii hakugeuka. Mimi naamini alikuwa ameshanukia kama rundo lenyewe, moshi haukuwa mgeni tena. Akaingia chini, na muda si mrefu sauti za vifaranga zikanyamaza. Mkwe wangu alinishika mkono, na hakuuachia mpaka adhana ya Magharibi.

Jumapili waezekaji wakaja, na mawingu meusi juu ya mikarafuu. Mume wangu akanitazama mimi, akamtazama mama yake. Mimi nikawaambia waezekaji wachukue makuti kuanzia juu, moja moja, bila kutupa wala kukanyaga, na waanze na upande wa chumba cha bibi. Walicheka, wakafanya. Chumba cha bibi kikafunikwa, na ukumbi. Palipobaki ni juu ya kitanda changu na mume wangu, na yaliyobaki uani ni yale ya chini, na mama na wanawe wamo. Tone la kwanza likaanguka. Mwezekaji mmoja akashuka ngazi akainama kuyachukua.

Katika nyumba ile nilikuwa sijawahi kuamrisha hata paka. Nikasimama mbele ya rundo na mwiko mkononi, nikawaambia wote, mume wangu na mama yake wakiwemo:

"Hayo ya chini hayaguswi mpaka wenyewe watoke. Leteni beseni mliweke kitandani kwetu likinge maji, na chetezo kuanzia leo kisivuke mlango wa uani."