Bastola ya Salim, bunduki ya Ami

Leo harusini Yiti, huku kwetu Oman, nimekumbatia mtu, mkono wangu ukagusa bastola.

Mtu mwenyewe ni binamu yangu, Salim. Kaichomeka kiunoni, chini ya kanzu.

Nikaruka nyuma. "Salim, nini hiki?"

"Nna kibali chake," akaninong'oneza.

Kunong'ona wapi! Baraza zima lilisikia. Watu wakaanza kujisogeza, mmoja akaiacha hata kahawa yake.

Ami yetu akaja kawaka. Begani kaning'iniza bunduki yake ya kuchezea razha. (Kwetu wazee huicheza ngoma hiyo na panga na bunduki, hakuna anayeshtuka.)

"Unatuletea silaha ya kuficha kwenye furaha ya watu?"

"Na yako je, Ami?"

"Yangu kila mtu anaiona! Tena haina kitu ndani."

Salim akaitoa bastola polepole, akaifungua mbele yetu. Haikuwa na risasi hata moja.

"Haya Ami, na wewe tuoneshe."

Ami akacheka. Akavuta komeo la bunduki kwa maringo.

Risasi nzima ikaruka kutoka ndani, ikaanguka kwenye mkeka.

Wallahi, Ami mwenyewe alikaa kitako pale pale.

Sasa niambieni ukweli, nyie mngemkimbia nani?

Maana mimi nilimkimbia Salim. Na bunduki ya Ami, muda mfupi kabla ya hapo, nilimpa binti yangu aishike nimpige picha.

Picha ninayo. Binti anacheka, na mtutu unanitazama mimi.