Ng'ombe wa Kwenye Tangazo

"Hili tangazo linamwita nani?" Mama aliniuliza nilipokuwa mtoto. Juzi nilisimama Bariadi mbele ya bango la simu lenye familia iliyonona, nikalikumbuka swali lake.

Mchana ule alioniuliza, gundi ya unga wa muhogo iliyobandikia tangazo ilikuwa bado inanuka ukutani mwa duka. Wanunuzi binafsi wa pamba ndiyo kwanza walikuwa wameanza kufika kijijini kwetu, Nkoma. Maandishi yalisema tu, "Tunanunua pamba." Chini yake palichorwa mkokoteni uliojaa, ng'ombe wawili wanene na mwanamume mwenye kofia. Sisi tulikuwa na mafurushi mawili, tuliyoyabeba kichwani.

"Mayu, wewe una ng'ombe wewe?" jirani yetu alimcheka Mama, akiwa juu ya mkokoteni wake. "Hao wanataka watu kama mimi. Niuzie tu."

Mama aliutazama mchoro, kisha akanitazama mimi niliyejua kusoma. Nikatikisa kichwa, hata mimi niliona hatumo. Akamuuzia kwa bei aliyoitaka jirani.

Baadaye sana, mzee aliyelichora tangazo lile aliniambia kwamba wanunuzi wale walipokea hata pamba ya kikapu kimoja. Ng'ombe aliwaongeza mwenyewe, kwa sababu karatasi ilionekana tupu.