Waya Kwenye Mti Wangu wa Parachichi

Nilianza kumwonea wivu mke mwenzangu kabla ya mambo ya miti, nisidanganye. Kwetu, huku milima ya Mbooni, wake za ndugu wawili tuliitana wake wenza, hata kama kila mmoja ana mume wake na jiko lake. Yeye aliolewa na kaka mkubwa, mimi na mdogo. Nyumba zetu zilitazamana, katikati uwanja na zizi la mbuzi, kwa hivyo hakuna alichofanya ambacho sikukiona. Mume wake alilima nyumbani. Wangu aliuza katika duka la vifaa vya ujenzi kule Salama, kando ya barabara kuu, na alirudi mwisho wa mwezi. Jioni nikimsikia shemeji akicheka jikoni kwa mkewe, nilisonga ugali kwa nguvu kuliko ugali wenyewe ulivyotaka.

Miti ilikuja mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mama mkwe wetu alitoka soko la Kikima na miche miwili ya parachichi ndani ya kiondo, akampa kila mmoja wake, tukaipanda siku hiyo hiyo mbele ya milango yetu. Mama alikuwa amebakiwa na meno matatu, na hayo matatu hayakuwa yakikutana.

"Mimi sitaki nguo, sitaki blanketi," alisema. "Nataka kula avokado ya wasichana wangu kabla sijaenda."

Tangu siku hiyo nikawa na haja moja: ale la kwangu kwanza.

Mti mchanga katika uwanja wetu ulikuwa hauna rafiki. Mbuzi huchubua ganda la shina. Punda akitoka mtoni na mitungi hufungwa popote, naye hujikuna hapo hapo alipofungwa. Watoto hubembea. Jembe la palizi hukata mizizi. Na mti ukishaanza kuzaa, ndipo wanapokuja wale wa kupanda juu: panya, kindi, na tumbili wa kilimani. Tumbili huuma parachichi bichi, akaliona baya, akalitupa, akachuma jingine aone kama nalo ni baya.

Mke mwenzangu aliulinda mti wake kwa vitu vya bure. Alikoroga mavi ya mbuzi na maji akalipaka shina, maana mbuzi hatafuni kinachonuka mavi yake. Akazungushia matawi ya miiba, punda asifike. Shina lilipokuwa nene kidogo, alipasua debe kuukuu la mafuta, akalinyoosha kwa nyundo, akalizungusha kwenye shina juu kidogo ya kimo chake, akalifunga kwa uzi wa katani uliombakia katika kusuka viondo. Kindi akipanda hadi hapo, kucha zinateleza, anarudi chini. Tawi lililokaribia paa alilikata, tumbili akose pa kurukia.

Nililiona lile debe lenye kutu nikacheka peke yangu. Mimi mume wangu aliniletea kutoka Salama kipande cha bati jipya na waya mweusi, ule mafundi wanaofungia vyuma vya zege. Nikauzungusha mara tatu nikaukaza. Bati langu likipigwa na jua la saa nne lilimulika hadi ndani ya jiko la mke mwenzangu, na sikuona sababu ya kuligeuza.

Mama mkwe akaja na fimbo yake, akaugusa waya.

"Hii ni waya?"

"Ni waya, mama. Haiozi."

"Hiyo ndiyo shida yake. Mti inanenepa, waya hainenepi. Uzi ya katani ikivutwa inakatika yenyewe, unafunga ingine. Si uombe huyo mwenzako? Ako nayo mingi."

Angekomea kabla ya kumtaja mwenzangu, huenda ningemsikia.

Mti wa mke mwenzangu ukazaa kwanza. Mama mkwe alikuwa na kijiko chake cha bati, alikifunga kwenye pembe ya leso. Kila alasiri alipita mbele ya mlango wangu, akanisalimu vizuri, akaenda kuketi kwenye kigoda cha ng'ambo. Kisha nasikia kijiko kinakwangua ganda. Kwaru, kwaru. Nilikuwa nikichambua maharagwe, nayachambua tena yale niliyokwisha kuyachambua. Jumapili ya malimbuko kikapu cha mke mwenzangu kikawekwa mbele kabisa kanisani, na mchungaji akainua parachichi moja juu watu walione. Niliimba wimbo wote kwa sauti kubwa, na sikumbuki ulikuwa wimbo gani.

Wiki hiyo nikaenda Kikima nikanunua kijiko kipya cha kung'aa. Nikakitundika jikoni kwa uzi, kingojee. Mama akija kula kwangu, hatafungua leso.

Ndipo siku moja nikarudi kutoka soko nikaona bati langu limekaa vingine. Nikapanda juu ya kinu. Waya ulikuwa umelegezwa, na chini ya bati, kati yake na shina, kulikuwa na magunzi matatu ya mahindi, yamepachikwa kwa mpangilio. Mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya uchawi nilikuwa nikiyakana hadharani, lakini magunzi matatu hayapandi mti yenyewe. Na uwanja ule ulikuwa na mtu mmoja tu wa kunitakia mabaya, au hivyo ndivyo nilivyojihesabia. Niliyachoma motoni, nikapaka majivu yake kizingitini mwa mlango, kisha nikaomba Mungu anisamehe kwa kupaka majivu. Nikaukaza waya.

Mwaka uliofuata nikayakuta tena. Matatu vile vile. Safari hii sikunyamaza. Tulikuwa kwenye mwethya, kile kikundi chetu cha kina mama, tunachimba matuta ya shamba la jirani, na mke mwenzangu yuko hatua chache kutoka kwangu. Nikainua jembe langu juu nikasema wote wasikie:

"Nikipata mtu ameshika mti yangu tena, mimi na yeye tutaonana kwa chifu!"

Kina mama wakatazamana. Mke mwenzangu hakuinua kichwa, aliendelea kuchimba. Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi.

Nyumbani nilichukua koleo la mume wangu, nikausokota waya mpaka ukalia. Magunzi hayakuonekana tena. Nikajiona nimeshinda, na mti nao ukaniunga mkono: msimu huo ulitoa maua ambayo sijawahi kuyaona. Majani yalikuwa hayaonekani kwa maua. Nyuki walivuma uwanja mzima. Mti wa ng'ambo ulikuwa na maua ya kawaida tu, na mimi nilianza kufagia uwanja mara mbili kwa siku ili nikae pale nje, nikiulizwa nijibu. Mama mkwe akasimama chini ya mti wangu, akatazama juu muda mrefu.

"Mwaka huu nitakula huku," akasema.

Nilikipangusa kile kijiko usiku huo huo.

Matunda yalishika mengi. Yakafika ukubwa wa yai la kuku, yakasimama. Kisha yakaanza kukunjamana na kuanguka, na majani yakawa ya njano kana kwamba ni kiangazi, na mvua ilikuwa ikinyesha. Nilimwagilia maji. Nilitia samadi. Kabla ya mavuno ya mahindi, mti wangu ulikuwa kuni.

Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi na kuukata. Alipoling'oa bati, waya haukuonekana. Ulikuwa umezama ndani ya shina, kidole kizima, na juu yake ganda limevimba pande zote. Baadaye niliambiwa kwamba mti ukikabwa shingo hivyo hutoa maua mengi ya mwisho. Alinionyesha kwa kidole. Mimi nilisema. Nilisema mti umerogwa, na nikaelekeza mdomo upande wa ng'ambo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu lilikuwa limevunjika na bado natafuta aliyelivunja. Mama mkwe ndiye aliyenikatiza. Asubuhi moja aliniita kwa fimbo.

"Mwiitu, msichana wangu, kuja ushike stuli. Mwenzako anataka kufungua debe, mti imenenepa."

Kukataa sikuweza. Nikaenda, nikashika stuli, mke mwenzangu akapanda na kisu. Alikata uzi wa katani mara moja tu, debe likaachia, na miguuni mwangu vikaanguka vitu vitatu. Magunzi. Makavu, yamebonyea upande mmoja.

Nililigusa moja kwa kidole cha mguu.

"Hizi ni za nini?" nikauliza.

"Ni za kuzuia bati isibane," akasema, bado anatazama shina lake. "Mti ikinenepa inapata mahali." Akashuka, akayaokota, akayapangusa vumbi kwenye nguo yake. "Hata kwako nilikuwa naweka. Ukienda soko. Mara mbili."

"Na mbona hukuniambia?"

"Wewe ungenisikia?"

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, anatazama ng'ombe wa watu wengine.

"Halafu ukasema maneno ya chifu," akaongeza mke mwenzangu polepole, "nikaacha."

Ningependa kuandika kwamba niliomba msamaha hapo hapo. Sikuomba. Nilisimama na stuli mkononi, nikagundua kwamba wivu haukuwa umetoka, ulikuwa umehama tu. Nilikuwa nimeuonea wivu mti wake, na mume wake aliyelala nyumbani, na alasiri za mama. Sasa ikabidi niuonee wivu na moyo wake, na huo hauletwi na mtu kutoka Salama.

Nilivuka uwanja nikaingia jikoni kwangu. Nikakikata kile kijiko kwenye uzi wake. Nikarudi, nikampa mama mkwe bila kusema kitu. Mke mwenzangu alikuwa amekwisha kupasua parachichi, akampa nusu. Mama akachota, akala, akakigeuza kijiko akakitazama kwenye mwanga. Macho yake yalikuwa yamepungua siku hizo, na alikuwa hajaona mkono uliompa.

"Kijiko nzuri," akamwambia mke mwenzangu. "Umenunua wapi?"

Nilitaka kwa mara moja katika maisha yangu kutoa kitu na nisijulikane, na nilikuwa nimeuma ulimi kabisa.

"Si yangu, mama," mke mwenzangu akasema. "Ni ya huyu. Amekuwekea siku nyingi."

Hata hapo hakuniachia nafasi ya kuwa mwema peke yangu.