Bakuli la Kuonja

Katika kiwanda kile cha sabuni hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kuanzia meneja mpaka mlinzi wa getini, wote walimwita Upawa, kwa ajili ya upawa mrefu wa chuma ambao hakuuachia tangu alipofunga aproni asubuhi mpaka sufuria la mwisho lilipokwisha kusuguliwa. Alikuwa mpishi mkuu wa kantini, mtu wa kitambi na shingo fupi, mcheshi siku zote isipokuwa mtu anapochezea chumvi yake. Hapo alikuwa mkali kama pilipili, na wasaidizi wake walijua kukaa mbali.

Alikuwa na namna yake ya kuonja. Hakutumia kijiko. Alichota kidogo kwa upawa, akamimina kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akapuliza, akalamba, akafumba macho. Jiko zima lilisubiri. Akifumbua macho na kuitikia kwa kichwa, watu walipumua. Akinyamaza, kitunguu kiliongezwa, au nyanya, au chumvi, kisha kiganja kikanyooshwa tena. Nyama aliionja kwa kipande, chipsi kwa chipsi mbili tatu, kuku kwa ngozi, maana alisema ngozi haijui kusema uongo. Hakumruhusu mtu mwingine aonje. Msaidizi wake, mwanamke mwenye sauti nzito aliyeitwa Dada Mkubwa, alikuwa amekata vitunguu kando yake miaka na miaka bila kuaminiwa kuonja hata tone la mchuzi.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Mkewe, Mama Pacha, alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, cherehani imeegemezwa dirishani. Mabinti zao wawili, wale pacha wenyewe, walikuwa wameshaolewa na kuhama. Kila jioni Mama Pacha aliweka kando vitambaa, akapakua, na kila jioni Upawa alikula vijiko vitatu vinne, akasukuma sahani taratibu. "Nimeshiba, Mama Pacha. Mungu akubariki." Naye akaiondoa sahani. Majirani walimwonea wivu kwa kuolewa na mpishi. Hawakujua kwamba mwanamke huyu alikwishaamini zamani kuwa chakula chake hakifui dafu mbele ya mume anayepikia kiwanda kizima, na kwamba jambo hilo lilimuuma.

Kisha wauguzi wakaja kiwandani kupima afya za wafanyakazi, na Upawa akarudishwa kupima mara ya pili, akapelekwa zahanati. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mabinti zake. Alimwamkia kwa adabu, akamkalisha, akamwambia bila kuzungukazunguka kuwa kolesteroli yake imepanda sana. "Mafuta haya yanaganda kwenye mishipa ya damu, mzee. Njia inazidi kuwa nyembamba, na siku moja inaweza kuziba kabisa."

Upawa alielewa upesi kuliko daktari alivyotarajia. Bomba la sinki la kantini alilizibua mwenyewe mara nyingi, na alijua kinachotoka mle.

"Tujaribu kwanza chakula na mazoezi kwa miezi mitatu," daktari akasema. "Yasiposhuka, tutaanza dawa. Usiziogope. Kuna watu miili yao yenyewe inatengeneza mafuta mengi, hata wale vipi. Ila kwanza nataka nione jiko lako la nyumbani linaweza nini."

Maneno hayo Mama Pacha aliyapokea kama askari anavyopokea amri. Kaka yake, aliyemfuata kwa kuzaliwa, alianguka mlangoni kwake akifunga kamba za viatu aende kazini, na kiatu cha pili kilibaki wazi mpaka walipomzika. Tangu siku hiyo hakuwa na mzaha na mambo ya moyo. Kikaango kikapanda juu ya kabati. Siagi, soseji na maziwa ya mafuta mengi vikafukuzwa nyumbani. Asubuhi ukawa uji wa oti na tunda. Jioni maharage, dengu, samaki wa kuchemsha, na mboga za majani zisizojua mafuta ni nini. Karanga alimpimia kiganjani kama anampa dawa. Na kabla jua halijapanda alimtoa kitandani wakatembee, yeye mbele na kanga yake mabegani, mume nyuma akihema na kuulaani mlima mdogo wa barabara ya shule.

Yeye mwenyewe alikula kile kile. Alipenda mayai ya kukaanga kuliko kitu chochote duniani, na aliyaacha. "Hatuwezi kuwa na vyungu viwili katika nyumba moja," alimwambia mumewe. Usiseme alijitesa tu. Kwa mara ya kwanza tangu waoane chakula chake kilikuwa na kazi kubwa ya kufanya, na alikipika kwa matumaini ambayo aliyaficha hata yeye mwenyewe asiyaone.

Lakini jioni ikifika, vijiko vilikuwa vile vile vitatu vinne, na sahani ilisukumwa vile vile.

Miezi mitatu ikaisha, wakarudi zahanati wote wawili. Mama Pacha alikuwa amepunguza gauni lake kiunoni kwa mkono wake mwenyewe. Daktari aliitazama karatasi, akamtazama Upawa, akaitazama karatasi tena. Kolesteroli ilikuwa imeshuka kidogo sana, kiasi cha kuonea haya. Akauliza kwa upole kama mzee amefuata masharti.

"Wallahi sijaweka kitu mdomoni," Upawa akasema. "Kazini sili kabisa. Muulize yeyote. Chakula changu ni cha mke wangu tu."

Mama Pacha aliinuka, akajifunga kanga. Njiani alitembea mbele, haraka, kama ana miadi. Walipofika nyumbani alivuta kiti, akakishusha kikaango kutoka juu ya kabati, akamtuma jirani amletee mafuta na mayai. Upawa, ameshika tama mezani, alisikia mafuta yakichemka na hakuelewa. Kisha sahani ikatua mbele yake, mayai manne yanang'aa, kingo zake zimekauka vizuri.

"Kula," Mama Pacha akasema.

"Mama Pacha."

"Kula, baba. Mimi nimechoka kupikia mtu anayekwenda kushiba kwingine halafu anakuja kuniambia Mungu anibariki. Kama umeamua kufa, kufa hapa mezani nikikuona. Kaka yangu sikumuona."

Alikwenda kukaa kwenye cherehani, akaiendesha bila kitambaa. Upawa aliyatazama mayai yakipoa. Aliogopa, na si kwa ajili ya mishipa yake. Mwanamke aliyeacha mayai kwa ajili yake alikuwa anamwona mwongo, na yeye hakuwa na ushahidi wowote zaidi ya mdomo wake, ambao ndio ulioshtakiwa.

"Njoo kazini," akasema hatimaye. "Kesho. Kuna vitunguu vya kumenya, hakuna atakayekufukuza. Kaa na mimi kutwa. Ukiniona nimekula, fanya utakavyo."

Mama Pacha alikwenda. Alifunga kitambaa kichwani, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko kubwa, akamenya vitunguu na macho yake hayakumtoka mumewe. Alimwona akifika, akifunga aproni, akichukua upawa. Alimwona akichota supu ya mifupa iliyokuwa motoni tangu alfajiri, akamimina kiganjani, akapuliza, akalamba. Akaendelea kumenya. Akamwona tena. Na tena, kwenye sufuria jingine. Kisha mkono wenye kisu ukasimama.

Aliinuka, akatafuta bakuli safi na kijiko, akarudi. Tangu hapo, kila Upawa alipomimina kiganjani, mkewe alichota kiasi kile kile kwenye sufuria lile lile na kutia bakulini. Upawa alipochukua kipande cha nyama ya mbavu, naye alichukua. Chipsi, naye chipsi. Ngozi ya kuku, naye ngozi.

"Hizo sampuli unampelekea nani?" Upawa akamtania.

"Nitaonja baadaye," akajibu. "Wewe fanya kazi yako."

Dada Mkubwa aliona, akaelewa, akajifanya hamnazo. Alikoroga maharage yake kwa bidii ambayo maharage hayakuihitaji.

Kengele ilipolia wafanyakazi walimiminika, wakala, wakasifu, wakarudi kwenye mashine zao. Kantini ikatulia. Upawa akakaa kwenye benchi, akafuta jasho, uso wake una furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Haya, Mama Pacha. Umeniona nimekula?"

"Sikukuona," akasema. Akaliweka bakuli mbele yake.

Lilikuwa bakuli kubwa, la kupakulia wali wa watu wanne, na lilijaa pomoni. Supu, michuzi na rosti vilikuwa vimechanganyika kuwa kitu kimoja cha kahawia, vipande vya nyama na ngozi vimechomoza, chipsi zimelegea. Na kwa kuwa lilikaa dirishani kwenye upepo, juu yake mafuta yalikuwa yameganda, meupe, mazito.

"Hii ni nini?"

"Chakula chako cha mchana. Na cha asubuhi. Hujala, lakini ndicho hiki."

Upawa alinyoosha kidole, akagusa ule weupe, ukabonyea. "Kuonja si kula," akasema. Ndivyo alivyofundishwa na mpishi aliyemfunza kazi, na ndivyo alivyowafundisha wengine. Mpishi huonja siku nzima halafu huapa kuwa ana njaa tangu asubuhi, na haapi uongo, kwa maana hakukaa, hakushika sahani, hakunawa mikono. "Kila mpishi..." akaanza tena. Alikuwa anatazama bakulini yale yale aliyokuwa akiyatoa kwenye bomba la sinki.

Alipoinua macho alimkuta mkewe analia, na mikono bado inanuka vitunguu, kwa hiyo kila alipofuta machozi yalizidi.

"Nisamehe," Upawa akasema.

"Nikusamehe nini? Hukunidanganya." Akacheka katikati ya kilio. "Nilifikiri kuna mtu anakupikia huko. Nilikwisha kumchora mpaka sura."

"Nani atanipokea na tumbo hili?"

"Ndiyo nilikuwa najiuliza."

Dada Mkubwa akakohoa kwenye sufuria lake. Ilikuwa wazi kwamba anacheka, na Upawa, ambaye siku nyingine angemkaripia, alimwacha acheke.

Kazi ngumu ikaja kesho yake. Kumwambia mpishi asionje ni sawa na kumwambia dereva aendeshe kwa kusimuliwa barabara. Upawa alichota mchuzi, kiganja cha kushoto kikajifungua chenyewe kwa mazoea. Akakitazama. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, akamwita Dada Mkubwa, akamwambia atoe mkono. Alimmiminia. Dada Mkubwa alipuliza, akalamba, akafumba macho, yote kama yeye, mpaka Upawa akaona aibu kujiona.

"Chumvi bado kidogo, Shefu. Na mafuta yamezidi. Yamezidi siku zote."

Alitaka kubisha. Alipiga moyo konde, akaongeza chumvi kwa kuamini mdomo wa mtu mwingine, akachukua upawa na kuyaengua mafuta ya juu, akayamwaga. Wafanyakazi walikula, wakasifu kama jana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza leo kaonja nani, na hilo lilimkwaruza kidogo, tusifichane.

Vipimo vya baadaye vilishuka, vikashuka tena. Havikufika pale hasa daktari alipotaka, lakini alitabasamu na kusema aendelee hivyo hivyo na asiache ule mlima wa barabara ya shule. Hayo ni mambo mema, ila habari ya watu hawa wawili haikuwa kwenye karatasi ya zahanati.

Ilikuwa jioni ya siku ile ya kwanza ya kutoonja. Upawa alikuwa anarudi kwa miguu, akahisi kitu tumboni, kinavuta. Moyo wake ukapiga. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, mkono kifuani, akamkumbuka shemeji yake na kiatu kilichobaki wazi. Alisubiri maumivu yapande mkononi kama alivyosikia watu wakisimulia. Hayakupanda. Tumbo likanguruma, kwa sauti, mpaka mama aliyepita na mwanawe akageuka. Ndipo alipoitambua. Ilikuwa njaa. Hakuwa amerudi nyumbani na njaa tangu aajiriwe pale, na alikuwa ameisahau sura yake.

Mama Pacha alipakua maharage ya nyanya na vitunguu, viazi vitamu vya kuchemsha, na mboga pembeni. Akarudi kwenye kitambaa chake, akakata mkono wa shati, hakutaka kutazama sahani ikisukumwa. Alisubiri ile baraka yake ya kila siku. Haikuja. Aligeuka.

Sahani ilikuwa tupu, imepanguswa kwa kiazi.

"Mama Pacha," Upawa akasema, "yamebaki?"

"Nini?"

"Maharage. Kama yamebaki, niongeze."

Mkasi ukatulia. Mama Pacha aliichukua sahani, akaenda jikoni, akasimama mbele ya sufuria amempa mgongo. Alisimama muda mrefu kuliko maharage yanavyotaka.

"Hayana mafuta," akasema bila kugeuka.

"Najua."

"Hayana hata tone."

"Ni matamu," Upawa akasema. "Yalikuwa hivi siku zote?"

Mama Pacha akafunua sufuria. Alipakua, akapakua tena, akarudi na sahani imejaa mpaka ukingoni, akaiweka mbele yake. Safari hii hakurudi kwenye cherehani. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama mumewe akila.